Mishono Inayovutika na Mishono ya Nakshi

Cherehani ya kawaida hushona kwa kufunganisha nyuzi mbili, yaani uzi wa juu unaopita kwenye sindano na uzi wa chini unaotoka kwenye bobini, mbinu ambayo Elias Howe aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1846. Mshono ulionyooka unaotokana na mbinu hiyo huwa imara kwenye khanga, kitenge au drili, lakini kwenye fulana hukatika upesi, kwa kuwa kitambaa kilichofumwa kwa vitanzi hurefuka kinapovutwa ilhali uzi ulionyooka hauna ziada ya kurefuka nacho.

Tatizo hilo hutatuliwa kwa miondoko miwili. Wa kwanza ni wa sindano kwenda kushoto na kulia, ambao huzaa zigizaga: uzi uliolala mshazari hujinyoosha kitambaa kinapovutwa, kisha hurudi mahali pake kinapoachiwa. Wa pili ni wa meno, yaani vyuma vilivyo chini ya mguu wa cherehani vinavyosogeza kitambaa. Yakikipeleka mbele, yakakirudisha nyuma, kisha yakakipeleka mbele tena, kila hatua hushonwa mara tatu, na mshono huo hufaa makwapani na kwenye msamba wa suruali, ambako nguo hukazwa sana.

Mishono ya nakshi, iwe ya majani, mawimbi au maua, hutokana na miondoko hiyohiyo ikichanganywa kwa mpangilio maalumu. Zigizaga ikifupishwa hatua hadi nyuzi zilale bega kwa bega, hupatikana mshono wa satini, unaofaa kuzungushia ukingo wa umbo la kitambaa lililobandikwa juu ya nguo. Kwa kuwa mshono huo huinuka, huhitaji mguu wenye mfereji chini yake ili upite bila kukwama, na karatasi nyepesi huwekwa chini ya kitambaa ili kisijikunje.

Kwa vitambaa vinavyovutika, sindano ifaayo ni yenye ncha ya mviringo, ambayo hupenya kati ya vitanzi bila kuvikata na hupunguza kurukwa kwa mishono. Kitambaa kisivutwe kwa mkono wakati wa kushona, maana pindo litakaa mawimbi. Kabla ya kuigusa nguo yenyewe, fundi hujaribu mshono kwenye kipande cha kitambaa kilekile, kisha hukivuta: uzi ukikatika, hupanua zigizaga au huchagua mshono mwingine.