Neno "Safari" ni la Nani?

Nyumba yetu hapa Voi haiko mbali na barabara kuu, na kila asubuhi magari ya watalii hutupita yakielekea lango la mbuga ya Tsavo, ubavuni yameandikwa neno moja kwa herufi kubwa: SAFARI. Jumamosi moja baada ya sala ya laasiri, binti yetu mdogo alikuwa akifanya kazi aliyopewa shuleni, aandike maneno kumi ya Kiingereza ambayo Waswahili wameyaazima. La kwanza aliloliandika ni hilo la kwenye magari.

Bibi yake, aliyekuwa akichagua mchele kando yake, akamwambia, "Safari si la Kizungu, mjukuu wangu. Ni letu." Mtoto akajibu pasi na kuinua macho, "Bibi, wewe hukusoma Kiingereza, huwezi kujua."

Hakukusudia ubaya. Lakini mzee alinyamaza, akachukua ungo wake akatoka uani, na wiki nzima hakuketi tena karibu na mtoto wakati wa kazi za shule. Sisi tulio kati ya wawili hao tuliona haya, kwa kuwa mtoto hakuyatoa maneno yale hewani. Aghalabu ni sisi wazazi tunaowafanya watoto wetu waamini kwamba elimu ina lugha moja tu. Basi tukaichukua ile orodha yake, tukakaa na kamusi, tukaanza kuuliza kila neno lilikotoka.

Kuhusu "safari" bibi alikuwa na haki. Asili yake ni Kiarabu, safar, nayo ndiyo hiyo hiyo inayotajwa madrasa watoto wanapofunzwa hukumu za msafiri na kupunguza sala. Waswahili walilitumia kwa misafara iliyotoka pwani kwenda bara, na njia mojawapo ya misafara hiyo ilipita hapa hapa kwetu: ikapanda kutoka Mombasa, ikavuka nyika kavu, ikafika Taita, kisha Taveta ambako wapagazi walipumzika na kununua chakula kabla ya kuendelea. Mmishonari Johannes Rebmann aliipita Taita mwaka 1848 alipokuwa akielekea Uchagani. Muingereza Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, ni miongoni mwa watu wa kwanza kuliingiza neno hili katika kitabu cha Kiingereza. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa akapanda gari moshi, akaipita Voi kwenda kuwinda bara, na magazeti ya kwao yakalitangaza neno kila pembe.

Ila lilipofika huko lilipungua. Kwetu, anayepanda matatu kwenda Wundanyi kumzuru mgonjwa yuko safarini. Kwa Kiingereza hana safari mpaka amuone simba. Na wanyama wenyewe wanaofuatwa Tsavo wamebeba majina ya Kiarabu ndani ya Kiingereza: "giraffe" ni zarafa, yaani twiga, na "gazelle" ni ghazali, yaani swala.

La pili katika orodha lilikuwa "sukari", ambalo mtoto alidhani limetoka kwa "sugar". Maneno hayo mawili ni ndugu, wala hakuna aliye mzazi wa mwenziwe. Wahindi wa kale waliita sharkara, wakimaanisha changarawe. Ukikumbuka sukari guru ilivyo na chembe chembe, utaona hawakukosea. Waajemi wakasema shakar, Waarabu sukkar, na kutoka kwa Waarabu likaenda njia mbili: moja ikafika kwetu na majahazi, nyingine ikapita Italia na Ufaransa hadi Uingereza. Hivyo hivyo kwa kahawa na "coffee", zote zikiwa za qahwa, na limau na "lemon".

Kisha tukafika kwa yale ambayo hata sisi hatukuyatarajia. Wafanyabiashara wanaovuka mpaka pale Taveta wanalijua vizuri neno "tariff", maana ndilo linalowatoa pesa. Nalo si jingine ila taarifa: orodha iliyotangazwa ili mtu ajue atakacholipa. Sisi tukabaki na habari, wao wakabaki na ushuru. Na "magazine", jarida, limetokana na makhazin, maghala, kwa mzizi ule ule uliotupa hazina na mhazini. Mwaka 1731 mchapishaji wa London, Edward Cave, alilipa jarida lake jina hilo kwa kulifananisha na ghala la habari za kila namna. Lakini maana ya kale haikufa, ndiyo sababu hadi leo ghala la baruti na chemba ya risasi huitwa vivyo hivyo. Sifuri nayo imezaa watoto wawili kwa Kiingereza, "zero" na "cipher". Leonardo wa Pisa, aliyesoma hesabu za Waarabu huko Afrika Kaskazini, aliiandika zephirum katika kitabu chake cha mwaka 1202, na ulimi wa Kiitaliano ukamalizia kazi. Watu wa pwani watalipenda hili zaidi: "monsoon" ni mawsim, msimu, neno ambalo Wareno walilichukua kwa mabaharia wa bahari yetu hii ya kaskazi na kusi.

Palipo na "sofa" tulimpa mtoto haki yake, kwani hilo kweli tumelipata kwa Wazungu. Ila nao walilitoa Uturuki, na Waturuki kwa Waarabu: suffa. Mwenye kusoma sira atalitambua papo hapo. Ndicho kile kibaraza chenye kivuli katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina, walipolala masahaba mafukara wasiokuwa na nyumba, Abu Hurayra akiwa mmoja wao. Tangu siku hiyo hatujaketi juu ya viti vya sebuleni kwetu bila kulifikiria jambo hili.

Tuseme pia kwamba si kila mfanano ni udugu. Wapo wanaoshikilia kuwa "risk" imetokana na riziki. Wataalamu hawajaafikiana, na sisi tuliliacha nje ya orodha japokuwa lilitutamanisha sana.

Wakati huu wote bibi alikuwa uani, lakini mlango ulikuwa wazi. Tulipofika kwenye "alcohol" akaja akasimama kizingitini. Tukamsomea: asili yake ni al-kuhl, wanja. Waarabu waliusaga ukawa unga laini mno, na wanakemia wa Ulaya wakalichukua jina kwa kila unga uliosagwa hivyo, baadaye kwa kiini chochote kilichotolewa katika kitu, hata katika karne ya 16 wakalipachika kwenye kile kiini cha mvinyo. Bibi aliduwaa.

"Wanja wangu huu huu? Astaghfirullah! Wameupeleka wapi, jamani?"

Mtoto akacheka, naye akacheka. Kisha mtoto akasogea kwenye mkeka, akapiga mstari juu ya kichwa cha kazi yake na kusema kwa sauti ndogo, "Bibi, samahani. Nikuulize lingine?"

"Niulize," bibi akasema, akiketi na ungo wake. "Lakini kwanza nitazamie huu ungo humo kitabuni. Nao wameuchukua?"