Madoa ya meno si uchafu

Wapo watu wazima katika mji wa Ifakara ambao hawacheki mpaka wameinua kiganja kuficha mdomo. Meno yao ni mazima, hayaumi wala hayatikisiki, ila yana mabaka: mengine meupe kama chokaa, mengine ya manjano, mengine ya kahawia iliyokolea. Jirani huwahukumu kwa neno moja tu, kwamba hawapigi mswaki. Aghalabu hukumu hiyo si ya haki.

Ndugu msomaji, hapana budi kuuliza kwanza mtu huyo alikulia wapi. Bonde la Kilombero lina wageni wengi waliogeuka wenyeji. Kiwanda cha sukari upande wa Kidatu kimevuta wafanyakazi tangu miaka ya 1960. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilileta wengine Ifakara na Mlimba. Baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao. Baadhi ya watu hao walizaliwa katika mikoa ambayo maji yake ya ardhini yana madini mengi ya floraidi, kama vile Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga.

Floraidi kidogo huimarisha jino. Ikizidi huliharibia sura. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kandokando ya Mlima Meru zimo chemchemi zinazokipita kikomo hicho mara nyingi, na ndiyo sababu kikawekwa kituo cha utafiti Ngurdoto, ambako maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa. Hata magadi ya kulainishia maharage huweza kuongeza floraidi chunguni.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: gamba la meno ya mbele ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi tangu utoto mchanga hadi kama miaka mitano. Mtu mzima akihamia Meru leo hatapata madoa hayo. Lakini mtoto aliyekunywa maji yale, kisha akahamia Ifakara akiwa na miaka saba, meno yake huota na madoa. Kwa hiyo si ajabu katika nyumba moja kaka mkubwa akawa na meno ya kahawia na mdogo wake, wa mama huyo huyo, akawa na meno meupe. Mdogo hamshindi kaka yake kwa usafi. Amemshinda kwa kisima tu.

Hatari huanza pale kijana anapoamua kujitibu. Husugua kwa mchanga, majivu, mkaa au ndimu. Doa halipo juu ya jino kama masizi juu ya sufuria. Limo ndani ya gamba lenyewe, na gamba likilika halioti tena. Mwishowe jino hushtuka kwa maji baridi, tena huzidi umanjano, kwa kuwa sehemu ya ndani inayojitokeza ina rangi hiyo.

Tiba ya kitaalamu ipo, wala si lazima jino litobolewe. Madoa ya kahawia yalichunguzwa sana katika mji wa Colorado Springs, Marekani, alikofika daktari Frederick McKay mwaka 1901. Miaka 30 ikapita kabla ya floraidi kutambuliwa kuwa ndiyo chanzo. Huko huko mwaka 1916 daktari Walter Kane aliyapunguza madoa kwa asidi. Siku hizi daktari huikinga fizi, kisha husugua jino kwa asidi na unga laini sana, akiondoa tabaka jembamba tu. Njia nyingine ni dawa ya peroksaidi, ambayo hung'arisha rangi taratibu kwa siku kadhaa.

Kwa mabaka meupe, kuna ufundi ulioanza kuuzwa Ujerumani mwaka 2009. Kitambaa chembamba cheupe kikiwa kikavu huficha kilicho nyuma yake, kikilowa, huonyesha. Doa jeupe nalo ni hivyo: ni gamba lenye vitundu vidogo vilivyojaa hewa au maji, nayo mwanga hutawanyika humo. Daktari hufungua vitundu kwa asidi, hukausha, hutia rezini nyepesi ikanywewa, kisha huigandisha kwa taa. Hapana sindano wala mashine ya kutoboa, na doa hufifia. Kwa jino lenye mashimo, hata hivyo, njia hizi hazitoshi. Huzibwa kwa kijazo chenye rangi ya jino. Kung'oa jino zima kwa sababu ya rangi ni hasara tupu.

Si kila doa ni la floraidi. Jino moja lililobadilika kuwa la kijivu baada ya kugongwa huenda limekufa mshipa. Mstari mweupe kando ya ufizi wa mtoto apendaye miwa na chai ya sukari ni mwanzo wa kuoza, na hapo floraidi hiyo hiyo, ndani ya dawa ya meno, ndiyo husaidia: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kisha kiasi cha punde moja ya njegere hadi miaka sita.

Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018, mtu wa Ulanga hangoji tena pantoni kufika Ifakara kwenye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Tiba ya rezini si ya kila kliniki, na bei yake si ya mkia wa mshahara. Mgonjwa na aombe kwanza meno yasafishwe, aambiwe doa limetokana na nini, kisha aulize gharama kabla ya kuketi kitini.