Kazi Imekataa, Dawa Usiitupe

Ndugu wafanyakazi, habari hii inatoka Jinja, Uganda. Inamhusu mwenzetu mmoja, fundi wa mashine za kusokota nyuzi. Jina lake tunalihifadhi.

Fundi huyu alipunguzwa kazini pamoja na wengine wengi. Miezi ya kwanza alitafuta kazi kwa bidii. Halafu usingizi ukampotea, chakula kikakosa ladha, akawa anakaa nyuma ya nyumba tangu asubuhi mpaka jua kuchwa. Mkewe akampeleka hospitali. Daktari akamwambia ana sonona, yaani huzuni nzito ambayo ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Akapewa vidonge vya amitriptilini, ameze kila usiku.

Baada ya majuma kadhaa alipata nafuu, akaanza tena kuandika barua za kuomba kazi. Kiwanda kimoja kikamwita kwa mahojiano. Hapo ndipo alipokosea. Alijisemea, "Mtu anayemeza dawa za kichwa, nani atamwajiri?" Siku tano kabla ya mahojiano akavitupa vidonge vyote chooni.

Siku ya tatu kizunguzungu kikamshika, tumbo likachafuka, usiku akalowa jasho bila kupata usingizi. Alikwenda kwenye mahojiano mikono ikitetemeka. Kazi hakupewa. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe neno moja tu: "Nimekwisha."

Ndugu, hakuwa amekwisha. Mambo mawili yalimpata kwa wakati mmoja, naye akayaona kuwa ni moja.

La kwanza ni la mwili

Dawa za sonona hazimfanyi mtu azitamani kama mlevi anavyotamani pombe. Lakini mwili huzizoea. Zikikatwa ghafla, mtu aweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto mbaya na hasira za haraka. Wengine huhisi kama shoti ya umeme inapita kichwani. Kwa kawaida dalili hizo huanza siku chache tu baada ya kuacha. Ugonjwa wenyewe ukirudi, mara nyingi huja polepole, kwa majuma au miezi. Fundi wetu hakuijua tofauti hiyo, akadhani ameharibika kabisa.

Anayetaka kuacha dawa hushuka ngazi moja moja. Daktari humpunguzia kipimo kidogo kidogo, kwa majuma au hata miezi, huku akimwangalia. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kuacha kufikiriwe baada ya mtu kukaa miezi 9 hadi 12 akiwa na nafuu na akifanya shughuli zake kama kawaida. Tena chagua wakati mtulivu. Juma la mahojiano au la kudaiwa kodi ya nyumba si wakati wake.

La pili ni la kukataliwa

Hili si geni kwa wafanyakazi. Katika kijiji cha Marienthal, Austria, kiwanda cha nguo kilifungwa, na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha habari zake mwaka 1933. Waliona kwamba watu walikuwa na wakati mwingi kuliko zamani, lakini waliazima vitabu vichache kuliko zamani. Wanaume walitembea polepole, wakisimama-simama njiani bila sababu.

Watu wale hawakuwa wavivu. Kazi hutupa mshahara, na pia hutupa saa ya kuamka, wenzetu wa zamu, na sababu ya kuvaa viatu. Vikiondoka vyote siku moja, kila barua ya "samahani" huumiza mara mbili.

Alivyoinuka

Mkewe alimrudisha hospitali. Daktari hakumgombeza. Alimwanzishia dawa upya, na baada ya muda mrefu wa nafuu akaanza kumpunguzia.

Fundi naye aliwatafuta wenzake wanne waliopunguzwa pamoja. Kila Jumatatu walikutana chini ya mwembe. Kila mmoja alileta habari ya mahali penye kazi, na aliyekataliwa aliwasomea wenzake barua yake. Walikuwa na kanuni moja: siku ya kukataliwa ni ya kupumzika, kesho yake ni ya kuandika barua nyingine.

Kukaa pamoja kuna faida iliyopimwa. Utafiti uliofanywa vijijini Masaka na Rakai, huko huko Uganda, ukachapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba wenye sonona waliokutana kwa vikundi kila juma, kwa majuma 16, walipata nafuu kubwa kuliko wasiokutana.

Mpaka leo fundi wetu hajapata kazi ya kiwanda. Anatengeneza cherehani za watu nyumbani kwake, na barua bado anaandika. Vidonge aliviacha kwa idhini ya daktari.

Ndugu msomaji, ukimsikia mwenzako akisema heri afe, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi wajumbe wa chama, mwenzetu akipunguzwa, msiagane naye siku ya kupokea kiinua mgongo. Mpitieni nyumbani baada ya mwezi, na mwezi mwingine tena. Muulizeni kama anatafuta kazi, na pia kama analala.