Ngege wa Kanyaboli Asipotee Kimya Kimya

Mzee aliyekulia ufukoni mwa Ziwa Victoria kabla ya miaka ya 1960 akiulizwa habari za ngege, hatakueleza samaki huyu tumnunuaye sokoni leo. Atamtaja mwingine, mwenyeji wa ziwa, ambaye mtaalamu Michael Graham alimpa jina la kisayansi mwaka 1928, akatia ndani yake neno la Kilatini lenye maana ya kitu kifaacho kuliwa. Samaki huyo aliyesifiwa hivyo karibu ametoweka kabisa katika ziwa kubwa.

Nyavu za kutega zilizoingia ghuba ya Winam mwaka 1905 ndizo zilizoanza kumpunguza. Dawa iliyochaguliwa katika miaka ya 1950 ilikuwa kupandikiza wageni: sato wa Mto Nili na jamaa zake, kisha sangara, ambaye baadhi ya maofisa wa kikoloni walimtamani pia kwa mchezo wa kuvua kwa ndoana. Juu ya sangara yamekwisha kusemwa mengi. Sato hajashitakiwa sana, kwa kuwa ni mtamu na anauzika.

Lakini madhara ya sato ni ya namna nyingine. Sangara humla mwenyeji, sato humwoa. Samaki hawa wawili ni ndugu wa karibu, wote hulea mayai mdomoni, na wakikutana huweza kuzaa machotara ambao nao huzaa. Kila kizazi urithi wa mwenyeji hupungua, wala hauonekani mzoga ufukoni wa kumshtua mtu.

Mabaki ya ngege wa asili yamesalia katika maziwa madogo ya pembeni, kama vile Kanyaboli katika bonde la Yala. Hata huko wachunguzi wamekwisha kuona dalili za chembe za urithi za mgeni. Hapo ndipo tunapotia shaka yetu: mtu mmoja mwenye nia njema na ndoo moja ya vifaranga atosha kuharibu hazina ambayo hakuna kiwanda kiwezacho kuiunda upya.

Hatusemi ufugaji ukome. Vizimba vya sato vinawapa watu chakula na kazi, na mtu mwenye njaa hahubiriwi habari za urithi. Hata hivyo wafugaji wenyewe wana haja na samaki wa porini. Kazi ya kuboresha sato iliyoanza Ufilipino mwaka 1988 ilichota mbegu kutoka Misri, Ghana, Senegal na hapa Kenya. Kituo cha kutotolesha vifaranga kinachotumia wazazi wachache, ndugu kwa ndugu, mwaka baada ya mwaka, hudhoofisha uzao wake, na siku hiyo ikifika kitatafuta damu mpya wapi?

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa uvuvi wakataze vifaranga vya sato kumwagwa Kanyaboli na katika maziwa mengine yenye ngege wa asili, na mabwawa ya ufugaji yasichimbwe mahali ambapo mafuriko huyaunganisha na maziwa hayo. Vilevile ngege waliothibitishwa kuwa safi watengewe mabwawa machache mbali na mto, na kila kituo kiandike daftarini wazazi wa vifaranga vyake walikotoka. Gharama ya daftari haifiki bei ya wavu mmoja.