Nani Anaushika Ulimi wa Mgombea?

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mgombea akijikwaa ulimi anaanguka na chama chake, ndiyo maana vyama haviuachi ulimi huo utembee peke yake. Tumeona vema tueleze udhibiti huo unavyofanyika hapa nchini, na unaishia wapi.

Nguvu ya chama inaanzia kwenye Katiba. Hatuna mgombea binafsi. Ibara ya 39 na ya 67 zinamtaka anayegombea urais au ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho; na kwa Ibara ya 71, mbunge akikoma kuwa mwanachama, kiti kinakwenda. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga jambo hili mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilimpa haki. Katiba haijabadilika. Kwa hiyo kila anaposhika kipaza sauti, mgombea anajua kwamba aliyempa tiketi leo anaweza kumnyima kesho.

Ndiyo sababu kazi kubwa hufanyika kabla ya kampeni, kwenye vikao vya maadili na vya uteuzi. Februari 2014 CCM iliwaadhibu makada sita kwa miezi 12, wakiwamo Edward Lowassa, Frederick Sumaye na Bernard Membe. Hawakuwa wamemtukana mtu. Walionekana wameanza kampeni za urais kabla ya wakati. Kampeni zikishaanza, mgombea hupewa ilani ya kunadi na ratiba ya kufuata, na jukwaani haendi peke yake.

Lakini chama hakiadhibu kila kauli. Mwaka 2015 Nape Nnauye, wakati huo Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM, alisema chama chake kitashinda hata kwa goli la mkono. Aliendelea na cheo chake, na baada ya uchaguzi akawa waziri. Julai 2024 akiwa Bukoba, tena waziri, alitoa maneno yanayofanana na yale kuhusu namna za kushinda uchaguzi. Video ikasambaa. Akaomba radhi, akaeleza kuwa ulikuwa utani. Julai 21 uteuzi wake ukatenguliwa. Tukiyaweka matukio haya mawili pamoja, tunaona kwamba uzito wa kauli kwa wakubwa wa siasa hutegemea sana imefika kwa nani, na lini.

Nje ya chama zipo Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, zinazosainiwa na vyama, Serikali na Tume, na zina kamati zake kuanzia ngazi ya kata hadi taifa. Oktoba 2020 kamati ya kitaifa ilimsimamisha Tundu Lissu wa CHADEMA kufanya kampeni kwa siku saba kwa kauli zilizoitwa za uchochezi. Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad wa ACT-Wazalendo alisimamishwa siku tano. Wote wawili walikuwa wapinzani, na jambo hilo halikupita bila kusemwa. Aprili 2025 CHADEMA haikusaini kanuni hizo, na Tume ikatangaza kuwa haitashiriki uchaguzi.

Kwingineko chama huweza kumkana mgombea wake kikachelewa. Februari 2024, huko Rochdale, Uingereza, chama cha Labour kilimwondolea Azhar Ali uungaji mkono kwa maneno yake kuhusu Israeli. Karatasi za kura zilibaki na jina lake kama mgombea wa Labour, na kiti kikachukuliwa na George Galloway.

Sasa tuje bondeni kwetu. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatenganisha dhambi za ulimi: kutukana, kusengenya, kuchonganisha, kudhihaki. Vyama huwa vikali kwa la kwanza, hasa anapotukanwa mkubwa. Katika Bonde la Kilombero linaloumiza ni la tatu. Hapa mkulima na mfugaji wamegombania ardhi na maji kwa miaka. Mgombea akisimama Uchindile, kwenye reli ya TAZARA, akawaambia wenyeji kwamba wageni na ng'ombe wao ndio balaa lao, hajamgusa kiongozi yeyote, na huenda chama chake kikamwona anajua kuomba kura. Chama pinzani nacho kinazitaka kura zilezile. Hakitakimbilia kwenye kamati kulalamika. Na waliosaini kanuni ni vyama, Serikali na Tume. Mfugaji aliyenyooshewa kidole hakusaini, na hana mjumbe kwenye kikao. Kesho yake mgombea anapanda gari kwenda kata nyingine, na mkulima na mfugaji wanakutana kwenye kisima kilekile.