Je, Wajua? Insha Iliyopewa C Ikaingia Kwenye Katiba

Msimu wa ripoti ukifika, vyuo vikuu vyetu huchangamka: huyu anasaka watu wa kumjazia hojaji, yule anamwinda msimamizi asiyepokea simu, mwingine bumu lake lote limeishia kwenye kuchapa na kujalidi. Kisha ripoti hupelekwa maktaba kula vumbi. Nyingi hula vumbi kweli, sibishi. Ila zipo kazi za wanafunzi zilizokataa kukaa rafuni, na hizi hapa ni chache ninazozipenda.

Alipewa C, akaibadili katiba ya Marekani

Mwaka 1982 Gregory Watson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, aliandika insha ya somo la serikali kuhusu pendekezo la katiba lililosahaulika. James Madison alilipeleka bungeni mwaka 1789: wabunge wakibadili mishahara yao, mabadiliko yasianze mpaka uchaguzi upite. Majimbo machache yaliliidhinisha, mengine yakalipuuza, na hakuna aliyeliwekea tarehe ya mwisho. Basi bado li hai, akadai Watson. Mwalimu hakushawishika, akampa C.

Kijana akakata rufaa, C ikabaki C. Akaanza kuwaandikia barua wabunge wa majimbo, kwa fedha zake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka. Maine likaitikia 1983, Colorado 1984, mengine yakafuata, na Mei 1992 idadi ikatimia. Ndivyo yalivyozaliwa Marekebisho ya 27, yaliyokaa foleni miaka 202. Mwaka 2017 chuo kikabadili rasmi alama yake kuwa A. Wasomaji wangu wa Dodoma na Nairobi, mnaofuatilia posho za waheshimiwa, utamu wa marekebisho hayo sina haja ya kuwafafanulia.

Ramani ya kwanza ya jeni ilichorwa na kijana aliyetega kazi za darasani

Alikuwa Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwenye umri wa miaka 19. Siku moja ya mwaka 1911 aliondoka kwa profesa wake, Thomas Hunt Morgan, na rundo la takwimu za inzi wadogo wa matunda. Kazi za masomo mengine akazisukuma kando, akakesha, na kulipopambazuka alikuwa na mchoro unaoonyesha jeni zimepangana vipi kwenye kromosomu.

Ujanja wake ni mwepesi ajabu. Jeni zilizo jirani hurithiwa pamoja. Zilizo mbalimbali hutengana mara nyingi zaidi. Ni kama kukisia umbali wa vituo viwili vya daladala kwa kuhesabu abiria walioshuka katikati. Alichapisha kazi yake mwaka 1913, na kwa kanuni ileile wanasayansi waliofuata walisaka jeni za magonjwa ya kurithi.

Alitafuta dawa ya malaria, akapata zambarau

William Perkin alikuwa na miaka 18 tu, mwanafunzi wa kemia jijini London. Likizo ya Pasaka ya mwaka 1856 aliitumia nyumbani, kwenye maabara yake ya kujiundia, akijaribu kutengeneza kwinini. Hakuipata. Alichopata ni uchafu mweusi uliogoma kutoka chupani, na alipousafisha kwa spiriti ukatoa zambarau isiyochuja. Akaacha chuo, akafungua kiwanda.

Kabla yake, rangi za nguo zilitoka kwenye mimea, wadudu na makombe ya baharini. Tasnia nzima ya rangi za kemikali imeota kutoka kwenye chupa ile chafu, na kanga zinazometameta madukani leo zina deni lao hapo.

Zambarau tena: neno lililosomwa ndani ya gombo lililogeuka mkaa

Mwaka 79 volkano ya Vesuvius ilizika mji wa Herculaneum, Italia, pamoja na maktaba ya magombo ya mafunjo. Magombo hayo yaliungua yakawa vipande vya makaa. Ukijaribu kulikunjua moja, linapukutika. Mwaka 2023 Luke Farritor, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Lincoln, aliifundisha programu ya akili mnemba kutambua alama hafifu za wino kwenye picha za eksirei za gombo ambalo halijafunguliwa. Likajitokeza neno la Kigiriki lenye maana ya zambarau. Zawadi yake ilikuwa dola 40,000, na baadaye yeye na wenzake wawili, mmoja wao Mmisri Youssef Nader, wakagawana dola 700,000 kwa kusoma safu kadhaa za maandishi. Sijawahi kusikia neno moja lililolipwa vizuri hivyo.

Wanafunzi wa historia waliziwahi kumbukumbu za Maji Maji

Mtu aliyekuwa na miaka 15 vita vya Maji Maji vilipoanza, mwaka 1905, alitimiza 78 mwaka 1968. Fanya hesabu hiyo ndipo uone kwa nini kazi hii haikuweza kungoja. Mwaka huo wa 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, wakati chuo kilipokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitawanyika katika maeneo vilikopiganwa vita hivyo wakiwahoji wazee. Walioongoza mradi ni wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa.

Hadi wakati huo, karatasi nyingi kuhusu vita hivyo zilikuwa za Wajerumani: ripoti za maofisa, barua za wamisionari. Wazee wakatoa upande wa pili. Wakasimulia mashamba ya pamba ya shuruti, dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, na njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuteketeza mashamba na maghala. Njaa hiyo iliua watu wengi kuliko bunduki. Kinachonivutia zaidi ni kwamba masimulizi hayakufanana. Sababu za kuingia vitani kwa Wamatumbi hazikuwa zile za Wangoni, na mahali pengine watu waligawanyika wao kwa wao. Vita tunavyovisoma shuleni kwa ukurasa mmoja vilikuwa na sura nyingi.

Kazi hizo zilikusanywa mwaka 1969, na hadi leo anayeandika kuhusu Maji Maji hazikwepi. Mwaka huohuo tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, ikatoka kitabuni.

Makala ya Mpemba ilitoka akiwa amehamia kwa wanyamapori

Kisa cha Erasto Mpemba unakijua: mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanga, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kuwa aisikrimu kabla ya yale yaliyopozwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu, Denis Osborne, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu. Ila makala yao ilipochapishwa mwaka 1969, Mpemba hakuwa kwenye maabara ya fizikia hata kidogo. Alikuwa Mweka, chini ya Kilimanjaro, akisomea uhifadhi wa wanyamapori. Wanafizikia wanabishana mpaka leo juu ya aisikrimu yake.

Insulini ina alama za vidole vya wanafunzi wawili, miaka 52 mbalimbali

Mwaka 1869 Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari jijini Berlin, alieleza vijikundi vya seli vilivyotapakaa ndani ya kongosho mithili ya visiwa. Zilikuwa na kazi gani? Hakujua, na alisema wazi kwamba hajui. Mwaka 1921, jijini Toronto, Frederick Banting alihitaji msaidizi wa kusaka kinachotoka katika visiwa hivyo. Charles Best, miaka 22, ndiyo kwanza amemaliza shahada ya kwanza, alirushiana sarafu na mwenzake Clark Noble kuamua nani aanze. Best akashinda. Januari 1922 mgonjwa wa kwanza wa kisukari akachomwa sindano ya insulini.

Tuzo ya Nobel ya 1923 ilimruka Best, lakini Banting akamgawia nusu ya fungu lake. Wasimamizi wa utafiti, mpo?

Swali la mwanafunzi na ghorofa 59

Mwaka 1978 Diane Hartley wa Chuo Kikuu cha Princeton alikuwa akiandika tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu jengo jipya la Citicorp, New York, lililosimamishwa juu ya nguzo zilizowekwa katikati ya kila upande badala ya kwenye pembe. Akauliza: upepo ukilipiga kwa mshazari, kwenye pembe, je? Akajibiwa ni imara. Mwaka huohuo mhandisi mkuu, William LeMessurier, alirudia hesabu na hakupenda alichokiona. Baadaye alisimulia kwamba kilichomsukuma ni swali la mwanafunzi. Mafundi wa kuchomelea wakawa wanaingia usiku kuimarisha maungio, na umma haukujua ukubwa wa hatari hadi 1995.

Mwanafunzi wa Marekani ana nafasi mara 4,000 zaidi ya kuchunguzwa

Hapa mwanafunzi si mtafiti tena, ndiye anayetafitiwa. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipekua majarida makubwa ya saikolojia akakuta asilimia 96 ya washiriki wanatoka nchi tajiri za Magharibi, na asilimia 68 Marekani pekee. Wengi wao ni wanafunzi wa vyuo, kwa sababu ndio walio karibu na ofisi ya profesa. Kwa hesabu hizo, mwanafunzi wa Marekani ana uwezekano mara 4,000 zaidi ya mtu wa nje ya Magharibi kuingia kwenye utafiti unaodai kueleza tabia ya binadamu wote.

Watafiti wengine walikuwa wamekwisha kutoka nje ya uzio wa chuo. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger alipeleka kwa Waorma wa Kenya mchezo ambao kila mtu anapewa fedha, anaamua atie kiasi gani kwenye mfuko wa pamoja, mfuko unaongezwa, kisha wote wanagawana sawasawa. Hawakuhitaji maelezo marefu. Papo hapo wakaupa jina, mchezo wa harambee, na wakachanga.