Kitanda Kilichozoea Kukesha

Mkazi wa Picha ya Ndege, Kibaha, anayekosa usingizi huyalaumu malori ya Barabara ya Morogoro. Pengine ndiyo yaliyoanzisha tatizo. Lakini likidumu miezi 3, usiku 3 au zaidi kwa juma, mara nyingi huendelezwa na hofu ya kutolala na saa nyingi za kugaagaa. Akili huanza kukihusisha kitanda na kukesha.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin wa Marekani alieleza tiba ya kuvunja mazoea hayo: asiyepata usingizi huondoka kitandani, akarejea anaposinzia. Mbinu nyingine hushangaza zaidi, na si ajabu. Anayekaa kitandani tangu saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, ilhali hulala saa 6 tu, huelekezwa kupanda kitandani saa 6 usiku na kuamka saa 12, hata Jumapili. Usingizi ukitulia, muda huongezwa kidogo kidogo.

Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani nchini Marekani kilipendekeza tiba ya kisaikolojia itangulie vidonge. Hata hivyo, majuma ya mwanzo huleta usingizi mchana. Dereva wa lori au bodaboda, na mwenye kifafa, asianze kupunguza saa za kitandani bila usimamizi wa mtaalamu.